Koti Juu ya Gauni Jeupe

Nanjala aliingia wodi ya wazazi akiwa amevaa koti la mumewe juu ya gauni jeupe, na manesi wenzake wote wakajifanya hawakuliona. Lilikuwa koti jeusi la sufu, zito, la kiume kabisa. Egesa alilinunua kwa Mhindi mmoja wa Busia, na yeye alikuwa mtu mrefu, mabega mapana. Nanjala alikuwa mfupi. Mikono ya koti ilimfunika vidole. Aliikunja, ikafunguka. Alipoinama kumpima joto mzazi wa kitanda cha tatu, mkono mmoja wa koti ukatumbukia katika bakuli la uji wa mama wa watu.

"Samahani, mama. Nitakuletea mwingine."

Yule mama hakulalamika. Alilitazama koti, akakitazama kichwa cha Nanjala kilichonyolewa juzi tu, akamvuta mtoto wake mchanga upande wa ukutani.

Hapo ndipo Metroni Akongo alipotokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, gauni lake la buluu limepigwa pasi hata ungesema limechongwa, na wodi nzima ilijua kwamba akinyamaza ndipo mambo yameharibika. Alinyamaza. Alimwita Nanjala kwa kidole, wakaenda kusimama kando ya sinki la kunawia.

"Sista Nanjala, hiki ni kitu gani?"

"Koti, Metroni."

"Naona ni koti. Nauliza linafanya nini ndani ya wodi yangu."

"Ni la marehemu. Huko nilikoolewa, mjane analivaa mpaka wazee wakae wamvue. Wanangoja wimbi la shambani livunwe, wapike pombe ya siku hiyo."

"Wimbi lenyewe linavunwa lini?"

"Mwezi wa saba."

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ndiyo kwanza imeshika. Metroni alifungua bomba, akanawa mikono yake polepole mpaka kwenye viwiko, kama anayemfundisha mwanafunzi. "Mimi pia nimezika mume," alisema. "Siku ya nne nilikuwa hapa, nimevaa hivi unavyoniona. Wakwe walisema, wakachoka. Nesi wangu anavaa gauni jeupe, mkanda, kofia, na viatu vilivyopakwa chokaa. Mikono wazi. Jumatatu uje hivyo. Ukishindwa usije, niandikie tu barua nitafute mwingine."

"Metroni, nina watoto wawili."

"Ndiyo maana nakupa mpaka Jumatatu."

*

Nyumbani kwa kina Egesa kulikuwa Buteba, mwendo wa maili kumi na kitu kutoka Tororo. Boma lilikuwa na nyumba tatu: ya mama mkwe; ya Chrispinus, mdogo wake marehemu, aliyeishi na mkewe Selpher mwenye mimba ya kwanza; na ya Nanjala na binti zake, Taaka wa miaka tisa na Ajambo wa miaka minne. Jioni hiyo Nanjala alimkuta mama mkwe akipepeta choroko, akapiga magoti mbali kidogo, maana mjane hasogei karibu na chakula cha wengine.

"Mama, kazini wamekataa koti."

Ungo haukusimama. "Wamekataa vipi? Hao hawafiwi?"

"Wanafiwa. Wanasema nesi lazima avae nyeupe tupu."

"Basi kaa nyumbani mpaka wimbi."

"Nikikaa, nafasi yangu inakwenda. Na sukari, na sabuni, na karo ya Taaka..."

Hapo ungo ukasimama. Mama mkwe hakuwa mtu mkorofi, tusimsingizie. Alikuwa amemzika mwanawe mkubwa wiki tatu tu zilizopita, na alichobaki nacho ni kuhakikisha kwamba mambo ya mwanawe yanakwenda sawasawa. "Nisikilize, Mama Taaka," alisema. "Hilo koti ndiye Egesa. Ukilivua kabla ya siku yake umemtupa njiani, na kifo ulichobeba utakimwaga juu ya watu. Mjane wa namna hiyo halali katika boma hili. Atarudi kwao, ng'ambo, Kenya. Lakini watoto wa Egesa hawavuki mpaka. Watoto ni wa hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Alielewa vizuri mno. Usingizi wenyewe haukuja. Jumapili alimwendea katekista baada ya misa, akamweleza yote. Katekista akasema kanisa haliamini mambo ya makoti, haliamini hata kidogo. Nanjala alipomwomba aje bomani aseme maneno hayohayo mbele ya wazee, akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumwombea upande wa Bulumbi.

Basi Nanjala akafanya kosa lake. Jumatatu alfajiri, akiwa na koti mwilini, alimwambia mama mkwe kwamba hospitali imemhurumia. Amehamishiwa stoo ya dawa, hahudumii wazazi tena, anahesabu chupa tu, na huko wamemruhusu koti. Mama mkwe alitaka kuhakikisha. "Hushiki watoto wachanga wa watu?"

"Sishiki, Mama."

"Afadhali hivyo. Mungu awabariki."

*

Kila asubuhi alipanda lori la saruji lililokuwa likirudi Tororo tupu, akakaa pembeni peke yake kwenye vumbi jeupe, wapagazi wakimwachia nafasi kubwa kuliko ya heshima. Alishuka karibu na hospitali, akapita nyuma ya jiko, akaingia chumbani kwa Alaso, mwenzake wa wodini aliyekaa katika nyumba za manesi. Hapo alilivua koti na kulitundika kwenye msumari. Gauni lake jeupe lilikuwa likimngoja kitandani, limetiwa uji wa muhogo na kupigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Wewe ni mtu wa ajabu kweli," Alaso alimwambia siku moja, akijivuta tumbo apate kufunga mkanda. "Mimi hii mkanda itaniua. Na kofia! Pini kumi kwa kichwa, halafu ukiinama inaanguka kwa mgonjwa. Mimi ningependa ile nguo ya kijani ya theta, ya kupasulia watu, pana, ina mifuko. Damu ikiruka, haionekani. Nani alisema nesi avae nyeupe na kazi yake ni damu? Huyo mtu hakufua hata siku moja."

"Mimi napenda nyeupe," Nanjala alisema.

"Unapenda nini ndani yake?"

Nanjala alikuwa akipaka viatu chokaa. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu. "Inaonekana kama ni chafu au safi. Ukinawa, umenawa. Ukifua, imetakata. Hilo koti nikilivaa hata nikiwa nimeoga, najiona mchafu."

"Bambi, pole," Alaso alisema, akamshika bega.

Kichwa chenye kipara hakishiki pini, kwa hiyo Alaso alimshonea lastiki ndani ya kofia. Mkanda ulimkaa barabara. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni Nanjala alizalisha, alifunga vitovu, aliwakemea wazazi waliokataa kunyonyesha, na hakuna mtoto aliyevutwa ukutani alipopita. Jioni alivua vyote, akaingia tena ndani ya koti. Wakati mwingine alisimama mbele ya ule msumari kwa muda, akilitazama, akimwomba Egesa msamaha kwa sauti ndogo. Alimpenda yule mtu. Hilo watu walilisahau upesi sana.

Wiki sita zilipita hivyo. Nyumbani aliulizwa habari za stoo, akasimulia habari za chupa. Siku moja Taaka alimnusa shingoni akasema, "Mama, unanuka dawa ya watoto." Nanjala akamwambia nyamaza, kwa ukali ambao mtoto hakuustahili, kisha akamkumbatia mpaka mtoto akajinasua.

*

Siku ya Jumatano, saa tisa mchana, Apio, msichana aliyekuwa bado anajifunza unesi, alikuja mbio kutoka mlango wa mbele.

"Sista, wameleta mzazi kwenye pikapu. Tangu juzi yuko kwenye uchungu. Naona mguu, Sista. Mguu umetoka."

Nanjala alichungulia dirishani kabla ya kutoka. Kwenye machela alimwona Selpher, midomo imekauka, macho yamegeuka. Pembeni yake Chrispinus, shati limelowa. Nyuma yao mama mkwe, ameshika kanga mbili na blanketi.

Mungu wangu, leo! Daktari alikuwa Mbale pamoja na Metroni. Alaso alikuwa kwao Merikit, kwenye matanga ya shangazi yake. Katika wodi nzima mkunga alikuwa yeye tu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kutoka hapo hadi chumbani kwa Alaso ni hatua hamsini. Angeweza kwenda, kulivaa koti, kukaa kimya mpaka watu hawa waondoke. Taaka na Ajambo wangebaki wake.

"Umewahi kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu?" alimwuliza Apio.

"Nimesoma tu, Sista."

"Umesoma."

"Ukurasa mmoja." Machozi yalikuwa yakimlenga msichana wa watu. "Sista, atakufa?"

Nanjala alifunga mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, akanawa mpaka viwiko, akaenda chumba cha kuzalia. Aliogopa jinsi ambavyo hakuwahi kuogopa, na alikwenda.

Mama mkwe ndiye aliyemwona kwanza. Alimtazama kofia, akamtazama gauni, mkanda, viatu, akarudi tena juu kwenye kofia, utadhani anamtafuta mtu aliyemjua.

"Koti la mwanangu liko wapi?"

"Mama, niache nifanye kazi. Tutaongea baadaye, nakuomba."

"Nauliza koti liko wapi."

"Limetundikwa."

"Stoo ya dawa," mama mkwe alisema polepole. "Wewe! Na mimi nikakuombea baraka." Alipanua mikono yake miwili mbele ya kitanda. "Huyu humshiki. Umetoka kwenye kifo, hujasafishwa, hata koti umelitupa. Tuitie mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Basi tunamrudisha nyumbani. Chrispinus! Shika machela!"

Chrispinus alishika machela, akaiachia, akaishika tena. Hapo Selpher akafumbua macho. Mkono wake ulipapasa hewani mpaka ukakamata mkanda wa Nanjala, ukaung'ang'ania.

"Mama Taaka," alisema. "Nitoe. Nitoe tu, dada yangu. Nakufa."

"Mama, toka nje," Nanjala alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika miaka kumi ya ndoa kumwamuru mama mkwe. "Shemeji, mtoe mama yako. Apio, funga mlango."

Kazi ilichukua muda usiofika nusu saa. Alimwacha mtoto ashuke mwenyewe mpaka kwenye kitovu, akimkataza Apio asimvute, asimvute kabisa. Alitoa mkono mmoja, akatoa wa pili uliokuwa umepanda nyuma ya shingo. Kichwa kilikwama. Selpher hakuwa tena na nguvu za kusukuma. Apio akakandamiza tumbo, Nanjala akaingiza vidole, akaita jina la Yesu na la Egesa kwa pamoja bila kujua, na kichwa kikatoka. Kilikuwa kitoto cha kiume, cha rangi ya majivu, kimelegea. Alikisafisha kinywa, akakisugua mgongo, akakipulizia pumzi, akakisugua tena. Kikakohoa. Kikalia vibaya, kwa hasira, na Apio naye akalia.

Nanjala alimfunika mtoto, akamtoa nje mwenyewe. Gauni lake lilikuwa damu tupu kutoka kifuani hadi magotini. Mama mkwe alimpokea mjukuu bila kugusa mikono iliyomleta.

*

Hawakumfukuza siku hiyo. Walingoja Selpher atoke hospitalini, wakangoja Jumapili, watu watoke kanisani. Nanjala alikaa siku hizo zote na koti mwilini, hakwenda kazini, alichota maji, alipalilia wimbi lenyewe, alipita kwa kuinama. Moyoni alikuwa na tumaini, na tumaini hilo lilikuwa na sauti ya mtoto mchanga iliyosikika kutoka nyumba ya pili. Aliwaza: watu hawa ni watu. Wataona.

Wazee wanne walikaa kwenye viti. Nanjala alikaa chini, kwenye ngozi ya mbuzi. Chrispinus ndiye aliyesema, kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. Aliwahi kuwa karani wa pamba na alijua kupanga maneno.

"Shemeji, kwanza tunatoa shukrani. Mke wangu yuko hai, mwanangu yuko hai. Hospitali tumeipelekea jogoo. Nesi tumemshukuru, hatuna neno naye. Sasa tunazungumza na mjane wa Egesa."

"Ni mimi yuleyule, shemeji."

"Ndilo tatizo," mzee mmoja alisema.

"Ulidanganya," Chrispinus aliendelea. "Ulikaa hapa, ukala hapa, ukatuambia habari za chupa. Kumbe kila siku unamvua ndugu yangu na kumtundika kwenye msumari kwa mtu baki."

"Nilitafuta chakula cha watoto wake." Nanjala alisogea kwa magoti. "Lakini sawa. Nimekosa. Naacha kazi. Leo hii, shemeji, andika wewe barua na mimi nitie sahihi. Sitalivua tena mpaka wimbi, hata wimbi la mwaka kesho. Niacheni na watoto wangu tu."

Mama mkwe akasema, bila hasira, amechoka, "Koti la marehemu likivuliwa limevuliwa, Mama Taaka. Halivaliwi upya. Wewe umelivua mara ngapi?"

Nanjala alitazama mlango wa nyumba ya Selpher. Selpher alikuwa amekaa pale kizingitini, mtoto ziwani. Neno moja lake lingetosha, au lisingetosha, nani ajuaye, hakulisema. Aliinamisha uso akamrekebisha mtoto kitambaa kichwani.

"Watoto wanabaki," Chrispinus alisema. "Na tena Selpher ameshonwa, hawezi kushika jembe. Taaka ni mkubwa sasa. Atambebea mtoto."

*

Metroni Akongo alimrudisha kazini, akampa kitanda chumbani kwa Alaso, na kwa kuwa alikuwa na huruma ya namna yake, alimtoa wodi ya wazazi akampeleka kliniki ya watoto ya kila Alhamisi. "Huko hakuna kelele za uchungu," alisema. Nanjala alishukuru. Kutwa alichanja watoto ndui, akawapima, akawaandikia kadi. Mara mbili alipanda lori la saruji hadi Buteba, na mara zote mbili mama mkwe alimpokea nje ya boma, akapokea sukari na sabuni, akasema watoto wamekwenda kisimani. Mara ya pili Nanjala alimsikia Ajambo akicheka nyuma ya nyumba. Aliita. Kicheko kikanyamaza, mtu amemziba mtoto mdomo.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, foleni ilikuwa ndefu, mvua imekatika, akina mama wanapunga inzi. Nanjala alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Anayefuata. Jina la mtoto?"

"Egesa," sauti ikasema.

Akainua kichwa. Taaka alikuwa amesimama mbele ya meza, miguu ina vumbi hadi magotini, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga iliyomkaba kifua. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa hazijachanwa siku nyingi. Kule getini, upande wa pili wa uzio, Selpher alisimama akitazama barabarani.

"Taaka," Nanjala alisema. "Mwanangu."

Mtoto alitazama meza. "Mtoto anatakiwa achanjwe, Sista."

"Taaka, ni mimi. Hunioni?"

"Nakuona." Alisema kwa sauti ya chini kabisa, midomo haichezi. "Bibi amesema nikikuita mama, sitatumwa tena huku. Atatumwa mtu mwingine."

Mama mmoja kwenye foleni alisema watu wanangoja. Nanjala alisimama. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni kwa Taaka, na vidole vyake vikapita juu ya bega la binti yake, vikakaa hapo muda wa kufungua fundo, na fundo hilo alilifungua taratibu kuliko fundo lolote maishani mwake. Alimchanja mtoto. Mtoto alilia kwa nguvu. Alikuwa amenenepa, mzima kabisa. Akamfunga tena mgongoni, akaikaza kanga mahali ambapo haitamkaba msichana kifua.

"Ajambo anakula?"

"Anakula, Sista."

"Analala na nani?"

"Na mimi."

Alikaa, akavuta kadi. Mtoto aliyechanjwa vizuri, asiye na homa, aliandikiwa kurudi baada ya mwezi mmoja kuangaliwa; ndivyo Metroni alivyotaka, na hakuna nesi aliyewahi kuandika vinginevyo. Nanjala aliishika kalamu juu ya karatasi. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa ambazo hakuna mtu bomani angeweza kuzikosea: ARUDISHWE ALHAMISI IJAYO. Akapiga muhuri.

"Waambie mkono wa mtoto lazima utazamwe kila wiki," alisema. "Kila wiki. Waambie Sista amesema."

"Ndiyo, Sista," Taaka alijibu, akaikunja kadi ndani ya kiganja chake, akaondoka kwenda getini.